Neno Nililomwambia Bibi

Mama, shikamoo.

Nakuandikia kwenye kurasa za mwisho za daftari la Biolojia, maana ndizo zilizobaki. Mtoto ameota meno mawili. Bibi anambeba kwa kanga yako ya zambarau, na mikorosho ya nyuma ya nyumba imeanza kutoa maua. Shabani ameacha kuuliza utarudi lini. Mimi ndiye sijatulia.

Siku ile ya kliniki nesi alisema usijifungulie nyumbani, kwa kuwa ulipasuliwa uliponizaa mimi. Alitaka uende Nachingwea mapema, ukae karibu na hospitali. Alisema hata upasuaji una hatari zake, lakini kwa kovu lako, kusubiri uchungu kijijini ni hatari zaidi. Bibi hakielewi sana Kiswahili, akaniuliza kwa Kimwera nesi anasema nini. Neno la upasuaji sikulijua. Nikatumia lile tunalotumia kwa kuni.

Bibi akasimama. "Mwanangu si gogo," akasema. Akakumbusha kwamba Shabani alizaliwa nyumbani, na wiki ile ile ukashika mchi.

Wewe Kiswahili ulikielewa vizuri. Uliniangalia, ukatabasamu, ukanyamaza. Najua hukuwa mtu wa kumpinga mama yako. Lakini mimi, Mama... mimi kwa nini hukunisahihisha?

Uchungu ulipozidi tukatafuta bodaboda. Njia yote ya Naipingo ilikuwa tope. Kabla hujapakiwa ulinishika mkono, ukasema, "Usilie, wewe soma." Hospitalini walimtoa mtoto akiwa mzima. Wewe damu haikukatika. Daktari alisema kovu lilikuwa limefumuka ndani.

Kufumuka. Bibi ameshona viraka maisha yake yote. Ningemtajia mshono, labda angeelewa. Au labda angekataa vilevile. Sijui, na hakuna wa kuniambia.

Sasa mama mdogo Somoe, kule Chinongwe, ni mjamzito. Mtoto wake wa kwanza naye alitolewa kwa upasuaji. Amesema atakuja kujifungulia kwa Bibi, kama mlivyozoea.

Jumapili nilichukua shati langu la zamani la shule, nikakaa na Bibi kwenye mkeka. Nikamwonyesha mshono wa ubavuni, nikauvuta polepole mpaka uzi ukaachia. Aliingiza kidole kwenye lile tundu. Kisha akauliza kutoka Chinongwe mpaka hospitali ya Ruangwa ni mwendo wa saa ngapi.

Bado hajakubali, Mama. Ameuliza tu. Nitamweleza tena kesho, na keshokutwa, kwa Kimwera, taratibu, mpaka nipate maneno yanayofaa.

Shati nimelitundika lilivyo. Nitalishona siku Somoe atakapotoka hospitali, yeye na mtoto wake.

Pumzika, Mama. Nasoma.

Ni mimi mwanao wa kwanza,
Hidaya