Mmeningoja au Mmenimaliza?

Jumapili, 1 Juni 2025

Wameanza kurudia ile komedi ya Mzee Kifuniko! Saa kumi jioni, kama zamani. Nimeacha nguo kwenye beseni. Mzee ni yule yule, koti la kaki, kapu mkononi, anasukuma mlango: "Mmeningoja au mmenimaliza?" Na familia nzima, midomo inang'aa mafuta, mifupa ya kuku imefichwa chini ya kochi: "Tumekungoja, baba!" Anafunua hotpoti — mchuzi mtupu.

Sisi tuliifanya salamu ya nyumbani. Nikitoka kazini sipigi hodi, nasema hayo maneno, na wanangu Debora na Fredy wanaitikia. Fredy anaivuta ile "tumekungooooja" mpaka pumzi inamwishia. Kwenye runinga hawaivuti. Hiyo ni ya kwetu. Ilikuwa Dar, kabla wizara haijanileta huku Dodoma.

Nimempigia mume wangu Geofrey awafungulie watoto runinga. Kila Jumapili tuangalie pamoja, wao kule, mimi huku Ihumwa, simu ikiwa hewani. Baba Debora amesema wazo zuri — kwa sauti ya mtu aliyepewa kadi ya mchango wa harusi.

Jumatano, 4 Juni

Watoto hawaji likizo. Geofrey anasema Fredy ana tuisheni, hesabu zimemshinda. Darasa la pili! Hesabu gani hizo zisizofundishika Dodoma?

Nimemuuliza uhamisho wake mwenyewe wa kuja huku. "Wanashughulikia." Mwaka wa pili wanashughulikia. Mwalimu wa serikali anaomba kumfuata mwenza, anahamia, nimewaona wengi pale ofisini Mtumba wakifuatwa na waume zao. Wangu bado anashughulikiwa.

Baridi. Upepo umeleta vumbi mpaka kwenye kopo la sukari.

Jumapili, 8 Juni

Leo Mama Kifuniko anaumwa na nyumba nzima inapinduka. Zamani nilicheka mpaka mbavu zikauma. Leo nimemwangalia huyo mama tu. Hana bosi, hana basi la wafanyakazi la kuwahi alfajiri. Yupo mlangoni na khanga yake saa zote, ndiyo maana wote wanaenea kwenye kochi moja. Nani ataandika komedi ya mama aliyehamishiwa makao makuu? Haichekeshi.

Jana nilikwenda Kizota kwa fundi Batholomeo, nikaagiza kochi. La L, la mninga. Akauliza, mama, mnakaa wangapi? Nikasema wanne, wenzangu wanakuja Julai. Nilisema kwa nguvu, mpaka wanafunzi wake wakageuka.

Jumamosi, 14 Juni

Paskazia wa masjala amekuja na karanga za kwao Mpwapwa. Tumeangalia filamu ya zamani, zile za mke kwenda kozi na kurudi kukuta nguo za mwingine kambani. Imemchukua huyo mke karibu filamu nzima kushtuka! Nimemtukana. Mjinga wewe, kandambili zile mlangoni huzioni?

Paskazia akasema nisimtukane, sisi tunaziona kwa sababu tumeoneshwa. Simpendi Paskazia akianza kuwa na busara. Karanga zenyewe kazimaliza mwenyewe.

Jumapili, 15 Juni

Mzee Kifuniko kaanguka na ndoo ya maji. Debora, kwenye simu: "Mama, anti wa tuisheni kacheka mpaka machozi!"

Nikauliza, tuisheni Jumapili?

Debora akashusha sauti: "Anakujaga tu, mama."

Geofrey kachukua simu. Eti mwalimu mwenzake, alipita kuchukua daftari la Fredy. Sawa. Daftari linachukuliwa mtu ameketi, anaangalia komedi mpaka mwisho? Nimesema sawa. Nimesema sawa mara nyingi mno mwaka huu, nimechoka na mdomo wangu.

Jumapili, 22 Juni

Sikuangalia. Umeme ulikuwepo. Nimefua mashuka.

Jumamosi, 28 Juni

Batholomeo kapiga: kochi tayari, kesho jioni analileta na kirikuu, kile kigari chake cha mizigo.

Geofrey kaandika ujumbe. Tuache uhamisho kwanza mpaka Januari, watoto wamezoea. Nimeusoma ofisini, nimeusoma kwenye basi. Wamezoea nini? Hakusema. Nilivyo mjinga, nimedeki sebule kupisha kochi.

Jumapili, 29 Juni



Saa kumi nilipiga. Debora kapokea, kaweka spika. Wimbo wa mwanzo ulikuwa unalia kwangu na kwao. Sikusalimia. Nilitaka kuwachekesha tu, jamani. Nikasema kama niko mlangoni: "Mmeningoja au mmenimaliza?"

"Tumekungooooja!"

Debora. Fredy. Na mwanamke, kwa mbali, kama yuko jikoni. Hakuchelewa. Hakubahatisha. Kaivuta na Fredy mpaka mwisho, ile ya kwetu, halafu wakacheka pamoja.

Mtu hajifunzi hiyo kwa kupitia daftari. Ameiitikia siku nyingi. Geofrey ndiye anayeingia pale na salamu yangu, na huyu ndiye anayemwitikia. Na wanangu katikati yao. Hicho ndicho walichozoea!

Fredy akasema, "Ni mama, anti. Siyo baba."

Sijakata simu. Iko hapa mezani, hewani. Nawasikia wanapunguza sauti ya runinga. Kwangu Mzee Kifuniko anafunua hotpoti.

Honi nje. Kirikuu. Batholomeo anagonga geti, anaita, mama, tufungulie, wenyeji waje watushike mkono, zito hili!

Nimemwambia kwa dirishani alitue hapo hapo nje, kwenye vumbi. Anauliza kama amenisikia vizuri.

Kwenye simu Geofrey anasema haloo. Mama Debora, haloo. Upo?