Jiko Dogo Ulilolichora, Hadija

Hadija,

Ni mimi, Maria. Siku hizi naitwa Mariamu, lakini wewe hukuwahi kuniita hivyo, basi leo acha niwe Maria.

Nimeolewa na Shabani. Naanza na hilo kwa sababu nikilizungusha sitalisema. Nimeolewa na mume wako, naishi katika nyumba yako ya Njoro, na mwanao Nuru, aliyekuwa akiniita anti, sasa ananiita mama mdogo. Ramadhani tatu zimepita tangu tukuzike, na ndoa yetu bado haijatimiza mwaka. Hilo naamini umeshalijua. Nililokuja kukueleza ni jingine. Nataka kukueleza habari ya jiko.

Shabani anakarabati nyumba. Alianza na paa, yale mabati yaliyokuwa yakivuja juu ya kitanda cha Nuru. Akaja kwenye sakafu ya sebuleni. Kisha akasema ile stoo ya nyuma iwe jiko la ndani, dogo tu, la gesi, ili masika yakianza tusiwe tunakimbia uani na masufuria. Unaijua stoo yenyewe: futi sita kwa futi tisa, dirisha moja linalotazama mlimani, mlango wa koridoni na mlango wa uani. Nilifurahi kama mtoto aliyenunuliwa viatu. Kila kitu humu ndani nilikikuta. Mapazia ulishona wewe. Rangi ya ukuta ulichagua wewe. Hata misumari iliyopigiliwa mlangoni ya kutundikia kanga, ni yako. Nikajiambia, angalau jiko litakuwa langu.

Akaja fundi Elia na tepu yake. Akasimama katikati ya stoo, akaniuliza vizuri kabisa, "Mama, sinki unataka likae wapi?"

Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Shabani akaniwahi. "Marehemu alitaka likae chini ya dirisha."

Alisema kwa upole, huku akinitazama, kama mtu anayenipa zawadi. Na mama mkwe wetu, aliyekuwa amekuja kutoka Majengo kututembelea, akadakia kutoka kwenye kiti chake pale koridoni: "Hadija alikuwa na jicho la vipimo, yule. Chumba alikuwa anakipima kwa macho."

"Basi tufuate ya marehemu," Elia akasema, akaandika.

Hakuna aliyeniuliza tena. Nilisimama pale na kanga yangu kiunoni, mimi nitakayepika humo kila siku ya Mungu, nikahisi kitu ninachokijua tangu enzi za kibarazani. Wewe hukuwahi kujua kama nilikuwa nacho. Au ulijua? Miaka tisa tulikaa na cherehani zetu mbili kwenye kibaraza kile pale mjini, bega kwa bega, tukila kwenye sahani moja. Na miaka yote tisa wateja walikuwa wakisema, "Ashone Maria, lakini akate Hadija." Unamkumbuka yule mwalimu aliyeleta kitambaa cha sendoff ya binti yake? Alipoondoka ulinisukumia mkasi, ukasema, "Kata wewe, simwambii." Nikakata. Gauni likamkaa binti kama amezaliwa nalo. Mwalimu akaja kukushukuru wewe. Ukanionyesha kwa kidole, "Amekata huyu," naye akacheka, akadhani unamtania. Siku ile nilikuonea wivu hadi nikakuachia sahani ule peke yako. Nilikuonea wivu hata kwa namna ulivyonipa sifa, maana ulikuwa nazo za kutosha hata kugawa.

Sasa umekufa, na bado wanataka ukate wewe.

"Chini ya dirisha haiwezekani," nikamwambia Elia. "Bomba la maji machafu litakuwa mbali."

Ulikuwa uongo. Bomba linapita nje, chini ya dirisha lilelile. Elia alilitazama dirisha, akanitazama mimi, akafuta alichoandika.

Wiki ile tukaanza kutoa vitu stoo. Ndani ya lile kopo la biskuti ulilokuwa ukiwekea vifungo, chini kabisa, nikakuta karatasi ya kaki ya kukatia vipimo, imekunjwa mara nne. Nikaikunjua. Ulikuwa umelichora jiko lote. Sinki chini ya dirisha, jiko la gesi kwenye ukuta wa ndani mbali na mlango, friji kwenye kona ya koridoni, na kila kitu umekiandikia inchi zake kwa mwandiko wako ule uliolala. Na kwenye kona pembeni ya dirisha ulichora kijimeza, ukaandika: *Hapa Maria anamenyea ndizi.*

Nisikudanganye. Mtu mwingine angelia. Mimi nilikasirika. Nilijua ulikuwa unawaza zile Jumapili nilizokuwa nikiteremka kutoka Kibosho na ndizi za mama, tunapika mtori pamoja. Nilijua uliniandika kwa mapenzi. Lakini nilichokiona ni kwamba umenitengea kona. Kwenye jiko hilo mimi nilikuwa mgeni wa Jumapili, mwenyewe ni wewe. Nikaikunja karatasi, nikaitia kwenye mkoba wangu wa kazini, chini ya mabaki ya vitambaa.

Siku ya pili yake Nuru akatoka shule, akaenda moja kwa moja stoo, akaanza kupekua maboksi. Yuko kidato cha pili sasa. Amekuwa mrefu kama wewe, na akiwa anatafuta kitu anang'ata mdomo wa chini kama wewe.

"Mama mdogo, hukuona karatasi ya kaki humu? Mama alichora jiko. Tulichora wote."

"Sijaona," nikamjibu. "Labda ilitupwa."

Alitafuta siku tatu, Hadija. Siku tatu nikimwona. Mara ya mwisho alikwenda hadi kwenye shimo la taka kule nyuma ya uzio, akarudi na majivu miguuni.

Nikapanga jiko langu. Nilifanya kama tulivyokuwa tukipanga patani za nguo kabla ya kukata: nikapima chumba, nikakata vipande vya karatasi, hiki friji, hiki sinki, hiki kabati, nikavisogeza juu ya meza ya cherehani. Ningekuwa nimetumia akili ningepanga vizuri, maana kazi hiyo naijua. Lakini nilikuwa na sheria moja tu. Ulichoweka kulia, niliweka kushoto. Ulichoweka dirishani, nilipeleka mlangoni.

Elia alinionya. "Mama Nuru, friji likikaa hapa, mlango wake unafungukia njiani. Na gesi hapa mlangoni, upepo wa mlimani utaizima."

Aliniita Mama Nuru. Hakujua Nuru ni wa marehemu, mgeni yule. Nuru alikuwa amesimama koridoni na sare zake za shule. Uso wake ulivyobadilika sitaki kuueleza. Na mimi, badala ya kumrekebisha fundi, nikasema tu, "Weka hapohapo."

Akaweka. Ukuta wa ndani ukakatwa kupitisha mabomba, sinki likakaa mahali penye giza, kabati zikapigiliwa. Wiki ya kwanza nilisifia kila kitu kwa sauti kubwa. Gesi ilizimika kila mlango wa uani ukifunguliwa. Tukiufunga, mvuke unajaa tunabaki tunapapasa. Watu wawili hawakuweza kupishana. Shabani alikuwa akiingia kuchukua maji ya kunywa, anatoka kinyumenyume.

Jumamosi moja asubuhi mama alituma mkungu kutoka Kibosho. Nilikuwa nafanya mtori, Nuru amechemsha maji, anayatoa kwenye gesi kuyapeleka uani. Nikafungua friji kuchukua nyama. Sikugeuka kutazama. Mlango ukampiga kiwiko.

Maji yote yakamwagika kwenye mguu wake wa kulia.

Alipiga kelele, "Mama!" Nikaruka kumshika. Akanisukuma kwa mikono yote miwili, Hadija. Hakuwa ananiita mimi.

Shabani alimbeba hadi kwenye bajaji, tukaenda hospitali. Walimwosha, wakamfunga bandeji, wakasema kidonda hakikuingia ndani sana lakini kitachukua wiki kadhaa. Aliporuhusiwa alisema anataka kwenda kwa bibi yake Majengo. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeomba maji. Wakampeleka, nami nikarudi nyumbani peke yangu nikakuta ndizi zimeungua, na jiko langu linang'aa.

Siku nne nilipika humo. Siku ya tano nikavua aproni, nikachukua mkoba wa kazini, nikaenda Majengo.

Walikuwepo wote: mama mkwe, Shabani aliyepitia kumwona mtoto, na Nuru kwenye mkeka, mguu juu ya mto. Niliamkia shikamoo, nikakataa kiti, maana nilijua nikikaa nitapata la kuzungumza jingine. Nikaitoa karatasi, nikamwekea Nuru mapajani.

"Niliikuta siku tunatoa vitu," nikasema. "Haikutupwa. Niliificha mimi."

Nuru aliikunjua taratibu, akaipapasa mikunjo. Akasoma inchi zote, nilimwona midomo ikicheza. Alipofika kwenye kona ya kijimeza akasimamisha kidole.

"Amekuandika," akasema.

"Najua."

Akaniangalia. "Ulikuwa unajua naitafuta."

Mama mkwe alikuwa amefungua mdomo kunisema, akaufunga. Nadhani aliona hakuna atakachosema kikazidi hicho.

Shabani akanisindikiza hadi barabarani. Nilingoja anigombeze. Nilitaka anigombeze. Tukasimama chini ya jua, bodaboda zikipita, nikamwambia yote: kwamba nimechoka kusikia marehemu alitaka hivi, marehemu alipenda vile. Kwamba nakuonea wivu wewe uliye kaburini, na naona aibu, na aibu haiupunguzi wivu.

Kisha akasema, "Mimi nilikuwa namtaja kwa ajili yako. Alikuwa rafiki yako kabla hajawa mke wangu. Niliogopa nisipomtaja utasema nimemsahau upesi."

Tulikuwa tumekaa karibu mwaka mzima, Hadija, kila mmoja akimchunga mwenzake kwa jina lako, na kila mmoja akiumia. Nililia palepale barabarani. Yeye akatazama pembeni, unamjua alivyo, akanishikia mkoba.

Elia alirudi na nyundo. Alipoiona karatasi yako aliitazama kwa muda, akasema tu, "Huyu alikuwa anajua," na nikaumia kidogo, na nikakubali. Ukuta ukabomolewa upya. Sinki likaenda dirishani, gesi ikahamia ndani, friji likaenda kwenye kona uliyolichorea. Nuru naye alirudi nyumbani wakati huo, anachechemea, ngozi ya mguu imebaki na rangi mbili. Tulikuwa tunasalimiana na kupishana. Sikumlazimisha maneno.

Ikabaki kaunta. Kwenye karatasi uliandika urefu wa inchi thelathini na sita. Ni kipimo chako. Mimi, unanijua, nikisimama kwenye kaunta ya thelathini na sita nitakanda unga mabega yamefika masikioni. Lakini nilikuwa nimeapa kutogusa tena kitu chako. Nikamwambia Elia, "Fuata karatasi."

"Fundi, hapo usifuate." Alikuwa Nuru, kaegemea mlango wa koridoni. "Mama alikuwa mrefu. Huyu ni mfupi. Mpime yeye."

Na hakumngoja fundi. Akachukua futikamba yangu shingoni mwangu, akapiga goti kwa uangalifu kwa sababu ya ule mguu, akabana mwanzo wa futi sakafuni kwa kidole gumba, akaivuta hadi kiganja kimoja chini ya kiwiko changu. "Thelathini na mbili," akasema. Akaichukua karatasi yako, akakata kwa kalamu thelathini na sita yako, akaandika yangu pembeni. Mwandiko wake nao umelala.

Nilipaswa kushukuru tu. Nilishukuru. Lakini nimekuja kukwambia ukweli, basi sikiliza: nilimtazama mtoto yule chini pale, baada ya yote niliyomfanyia, ananipima kwa haki bila kuniibia hata inchi, nikasema moyoni, na huu wema nao ni wa Hadija. Huu nao ameukata yeye. Nikakuonea wivu kuliko siku zote.

Jiko limekwisha. Linapikika. Ijumaa tutakuja wote watatu kukuombea dua, na Nuru amesema atang'oa mwenyewe majani pembeni ya kaburi. Karatasi anaitunza yeye, sikuuliza wapi.

Sitakuahidi kwamba wivu umeniisha, maana ungenicheka. Nakuahidi hiki ninachokiweza: Nuru akitafuta chochote chako katika nyumba hii, nitakuwa wa kwanza kupiga magoti kukitafuta naye, na nikikipata nitampa kabla sijakisoma.

Pumzika, rafiki yangu. Mimi nakwenda kupika.

Maria