Fungu la Mama Furaha

Mpendwa Dada Agnes,

Kwa heshima na taadhima, napenda kukutangazia wewe, na kupitia kwako ukoo mzima kuanzia Usangi mpaka Same mjini, kwamba Jumamosi iliyopita, majira ya saa nne asubuhi, katika kishamba chako cha Thamesmead, huku London, mdogo wako alivuna boga la kwanza la mwaka huu. Boga lina ukubwa wa kichwa cha mtoto mchanga. Hakuna aliyeumia isipokuwa mgongo wangu, ambao ulitoa sauti, nami nikabaki nimeinama kwa unyenyekevu mkubwa mpaka uliponiruhusu kunyanyuka.

Hiyo ndiyo habari njema. Ipo nyingine, lakini niache nizunguke kidogo kwanza. Unanijua.

Kabla ya kulikata nililipapasa kutafuta vile vinywele. Unavikumbuka? Ilikuwa moja ya Jumatano zetu pale ukumbi wa maktaba, Woolwich. Ulikuwa umestaafu uuguzi, ukaapa kwamba hutakaa nyumbani kutazama televisheni mpaka ufanane nayo, ukajiandikisha darasa la marabi wa kale na jinsi walivyozifafanua sheria za Musa. Mimi nilikuja kwa sababu nilikuwa na gari na wewe ulikuwa na goti. Mwalimu wetu, yule mama wa Kiyahudi mwenye miwani minene, alifundisha kwa kuuliza maswali na kukataa kuyajibu. Siku hiyo aliuliza: Maandiko yanasema toa fungu la kumi la mazao ya shamba, sawa, lakini zao linakuwa zao lini? Boga kwa mfano, linaanza lini kudaiwa fungu lake? Ukanipiga kiwiko mbavuni. Nikaamka, nikasema, "Likiiva." Darasa zima likacheka. Kumbe marabi walishalijadili: matango na maboga, ni pale vile vinywele vyake vya utoto vinapoondoka.

Ulitembea mpaka kwenye gari ukirudia, "Vinywele, Elia! Watu wazima na ndevu zao, wamekaa wanajadili vinywele vya boga!" Nikadhani unawacheka. Nikaja kujua kwamba ulikuwa umependa.

Na kila Jumatano tulitoka darasani tukaenda shambani, wewe ukinifundisha upya yote yaliyonipita nikiwa usingizini. Ulipalilia ukiongea. Nami nilishika jembe kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Hapo ndipo uliponieleza kwamba, kwa marabi wale, mtu aliyesimama shambani akichuma nyanya moja akala, hadaiwi fungu la kumi. Huko ni kuonja tu. Deni linaanza pale mazao yanapoingia nyumbani, au yanapopikwa. Hata chumvi ina mambo yake: nyanya moja moja ukichovya, unakula salama; ukizikusanya sahanini ukazinyunyizia, tayari umeandaa chakula, toa fungu. Halafu ukaniambia, kwa furaha ya mwanakwaya anayetoa siri ya mchungaji, kwamba walikuwepo watu waliopitisha mavuno yao juu ya paa na uani, ili wasionekane wameyaingiza kwa mlango.

"Dada," nikasema, "hao ni Wapare."

Ulicheka mpaka ukakalia mfuko wa mbolea. Ukasema kama marabi wangefika Usangi wangekuta kazi imeshafanyika, maana sisi kuku wa jirani akiingia uwanjani tunafungua kesi, kuku akitoka tunakata rufaa.

Sikuwa nimewaelewa bado. Niliwaona kama mawakili wa Mungu, watu wa kutafuta vipengele. Nilikwambia hivyo siku ile ya madeni. Musa aliagiza kila mwaka wa saba madeni yafutwe. Wenye fedha wakaona mwaka wa saba unakaribia, wakaacha kukopesha. Ndipo rabi mmoja mkuu akatunga hati: mkopeshaji anayakabidhi madeni yake mahakamani, na deni lililo mikononi mwa mahakama halifutwi. Nikasema, "Huo ni ujanja. Kamzunguka Musa."

Ukaweka jembe chini. Wewe ukiweka jembe chini, mimi hujua nimekwisha.

"Ile sheria ilikuwa ya kumlinda nani, Elia?"

"Maskini."

"Na maskini akikosa wa kumkopesha hata kibaba cha unga, kwa sababu ya sheria yake mwenyewe?"

"Analala njaa."

"Basi aliyemzunguka Musa ni yule tajiri aliyefunga mfuko. Rabi alimfuata Musa mpaka mlangoni kwa maskini."

Nikamwagilia bamia ambazo zilikuwa zimeshamwagiliwa. Lakini tangu siku hiyo sikulala tena darasani. Nilianza kuona kwamba kila walipochambua jambo mpaka kupasua unywele, kulikuwa na mtu amesimama upande wa pili wa unywele: mjane, kibarua, mgeni asiye na shamba. Ndiyo maana waliuliza maswali madogo. Amri kubwa inasema "toa", inakwenda zake. Wao walibaki nyuma wakiuliza: utoe saa ngapi, mahali gani, nani akiwa anatazama?

Sasa nimefika nilipokuwa napakwepa.

Ulipoondoka mwaka juzi kurudi nyumbani moja kwa moja, uliniachia funguo za banda la zana, deni la mbegu, na agizo moja: fungu la kumi la shamba ni la Mama Furaha. Ulinielekeza kama mtu anayemwelekeza mgonjwa dawa. Mama yule wa Bukavu, Kongo, mjane, ana watoto watatu na zamu mbili za kulea wazee, anakaa jengo la pili kutoka kwako. "Unatundika mfuko kwenye kitasa cha mlango, unaondoka. Usigonge." Na mimi nikakumbuka kuwa mfuko wako mara nyingine ulikuwa unarudi kwenye kitasa chako, na ndani yake mandazi yenye moto. Hamkuwahi kusemezana juu ya jambo hilo. Nilidhani ni kwa kuwa wewe hupendi maneno mengi.

Kila Jumapili ukipiga simu unaniuliza, "Mama Furaha anapata?" Nami najibu, "Anapata." Mwaka jana ilikuwa kweli. Mwaka huu, tangu Julai, nimekudanganya. Yaliyotokea ni haya.

Mchicha ulikubali kupita kiasi. Nikajisikia mkulima. Nikasema, fungu la kumi la mwaka huu lisipite kwenye vitasa kama barua za bili, lipite madhabahuni. Nikalipeleka kwenye ibada yetu ya Kiswahili, likawekwa kwenye mnada baada ya ibada, kama kule nyumbani tunavyonadi mkungu wa ndizi na jogoo. Nikapandisha dau mwenyewe. Pauni kumi, Dada. Mpare kutoa pauni kumi kwa mchicha alioupalilia mwenyewe. Watu walianza kwa kushangilia muujiza huo. Mzee wa mnada akauliza, "Unakwenda nao nyumbani, au unamkabidhi mtu?" Unajua kwetu hiyo ni heshima, kununua ukamzawadia mwenzio mbele ya kusanyiko. Na kipaza sauti kilikuwa karibu.

Nikasema, "Namkabidhi Mama Furaha, mjane wetu, anayelea watoto peke yake kwa shida!"

Vigelegele. Ngoma. Akaitwa mbele. Na ukiitwa mbele na ngoma inapigwa, unakwenda ukicheza. Alicheza, Dada. Akapokea kwa mikono miwili, akatabasamu, nami nikaona tabasamu ni tabasamu. Wanakwaya wawili wakamfuata nje kumuuliza kama watoto wanahitaji viatu.

Jumapili iliyofuata hakuja. Wala iliyofuata. Nikatundika mfuko kwenye kitasa, kesho yake nikaukuta mlangoni kwangu, mchicha umelegea, na hakuna andazi. Nikatundika tena, ukarudi tena. Baada ya hapo nikashindwa hata kuvuna. Kama ningeingiza mazao nyumbani, fungu lake lingedaiwa, na mwenye fungu halitaki. Basi mdogo wako akakumbuka masomo: nikawa nakula nyanya shambani, nimesimama, moja moja, na chumvi kwenye karatasi. Wiki tatu. Nilikuwa halali kabisa kwa marabi wote, na tumbo lilinikatika vibaya sana.

Siku moja mvua ilinikimbiza ndani ya banda. Juu ya rafu ulikuwa umesahau daftari lako la Jumatano. Nilifungua kupoteza muda, nikakuta ukurasa juu ya pembe ya shamba, ile ambayo Musa alisema isivunwe, iachwe kwa ajili ya maskini na mgeni. Somo hilo sikuwahi kulisikia; nadhani lilikuwa kabla sijaamka. Uliandika kwamba marabi walikataza mwenye shamba kuvuna pembe hiyo na kuigawa. Aiache imesimama, maskini waje wavune kwa mikono yao. Hata maskini tisini na tisa wakisema tugawie, na mmoja akasema niache nichume mwenyewe, anasikilizwa yule mmoja. Na waliagiza iwe mwishoni mwa shamba, ili mtu ajue ilipo, asilazimike kuuliza wala kumsubiri mwenye shamba. Pembeni ukaandika kwa kalamu nyekundu: "Ili asiwe na wa kumshukuru."

Nilikaa juu ya ndoo, Dada, nikaona aibu kama mtoto aliyekutwa. Watu wa zamani vile, hawajamjua Mama Furaha, hawajaiona Thamesmead, na walishamfikiria kuliko mimi ninayekaa naye jengo kwa jengo.

Nikaenda kwake mikono mitupu. Alifungua nusu ya mlango.

"Karibu, Papa Elia," akasema, lakini mlango haukusema karibu.

"Nimekuja kuomba radhi."

"Weye ulinichezesha mbele ya batu juu ya mchicha." Hakupaza sauti. "Kwa ile kanisa, miye nilikuwa natoa sadaka sawa na weye. Kila mwezi. Leo banasema: yule mama wa mboga."

Nikamwambia kwamba sitamletea kitu tena. Kuna matuta mawili, mwisho kabisa kwenye uzio, sitayagusa. Geti halifungwi mchana. Akitaka atakuja, asipotaka yaoze.

"Yaoze?"

"Yaoze."

"Chakula kioze? Weye uko mtu wa namna gani?" Akafunga mlango.

Jumamosi ya kwanza hakuja. Ya pili hakuja. Mchicha ukaanza kutoa mbegu, nami nilikuwa nazunguka yale matuta mikono nyuma, mkono mmoja umeushika mwingine. Jumamosi ya tatu, ndiyo iliyopita, nilikuwa nimeinuka kutoka kwenye boga langu nilipowaona wanaingia getini, yeye na binti yake Furaha. Nikafanya kitu kimoja tu nilichoweza kukifikiria kwa haraka. Niliingia bandani, nikajifungia.

Nilikaa humo karibu nusu saa, katikati ya reki na buibui, mgongo unaniwaka. Nikamsikia akimwelekeza binti akate mchicha juu ya kifundo ili uchipue tena. Binti akajibu kwa Kiingereza kwamba viatu vyake vinaharibika. Nikasikia wanacheka kitu, sikujua nini. Kisha kimya. Nikadhani wameondoka.

"Papa Elia," sauti ikasema nje ya mlango, "toka sasa. Tumemaliza."

Nikatoka na utando wa buibui kichwani. Furaha akaziba mdomo. Mama yake hakucheka. Alinitazama, akatazama matuta yangu mimi, akasema, "Vitunguu yako iko na majani mengi sana. Unapalilia na macho?" Halafu akauliza, "Dada yako anajua?"

"Hajui. Nilimwambia unapata."

"Basi, umuandikie. Na ulisema ile maneno mbele ya batu. Hii nayo uiseme mbele ya batu, bale bale. Usijitengeneze." Akanyanyua kapu lake, akafika getini, akageuka. "Jina yangu, uitoe humo."

Kanisani bado hajarudi, na sijui kama atarudi. Nimeandika kama alivyoagiza, na nakala ya barua hii itabandikwa kanisani, isomwe na wale wale waliopiga vigelegele. Nimejaribu kutojitengeneza nionekane mwema. Jina lake la kweli wewe unalijua; humu nimeliondoa, na hili la Furaha, kwa mama na kwa binti, nimelibuni mimi.

Mdogo wako anayekupenda,
Elia