Asimwe ni Mzima, Mama

Bugomora, Kyerwa
Jumanne

Mama yangu mpendwa,

Nakuamkia kwa magoti, ingawa ni kwenye karatasi. Presha imeshuka? Mguu je? Mdogo wangu Paulina ananiambia tangu juzi hujatia kitu mdomoni na dawa unazitema. Asimwe ni mzima. Mjukuu wako yuko hai, yuko kazini, na aliyeleta balaa hili ni mimi na video yangu.

Unajua mwanangu ameajiriwa, ni muuguzi wa zahanati huku Bugomora. Katika wanawake wote wanaouza vitenge soko la Nkwenda, nitajie mwingine mwenye binti wa sare nyeupe! Nikasema lazima ukoo mzima umwone. Nikakaa dukani na simu yangu, nikapanga picha zake kuanzia ubatizo mpaka siku aliyovaa sare, mimi mwenyewe, mimi wa darasa la saba, bila kufundishwa na mtu. Nikaweka wimbo wa shukrani wa kwaya yetu, ule wa polepole unaotoa machozi.

Tatizo, picha zikaisha na wimbo bado unaendelea. Basi nikazivuta, kila picha ikae mpaka waimbaji wamalize mstari wao. Ile ya mwisho, anatazama juu, nikaivuta kupita zote, ikawa inafifia taratibu pamoja na sauti ya mwisho. Pembeni nikapamba maua. Nikatuma kwenye kundi la ukoo, nikaenda kumpimia mteja kitenge.

Sikufikiri, Mama. Picha za mtu mmoja, kwaya ya taratibu, maua: siku hizi watu wanaagwa hivyo hivyo.

Wa kwanza kupiga alikuwa Paulina, analia. "Dada, ungetupigia kwanza! Mama kaiona, kaanguka hapa mkekani!"

"Kaanguka kwa nini?"

"Asimwe kafa lini?"

"Hajafa! Nilikuwa nampongeza!"

Halafu nikamsikia anamwambia mtu pembeni, "Maskini dada, kachanganyikiwa. Anakataa msiba."

Kaka Deo naye akaniambia nisikae peke yangu, anatafuta basi aje. Kadiri nilivyokana ndivyo walivyozidi kunionea huruma. Nikaona nimpigie Asimwe, aseme nao mwenyewe. Hapatikani. Nikarudia. Hapatikani. Hapo ndipo hofu iliponiingia mwilini. Nikaanza kuwaza, labda wao wameshaambiwa kweli, ila mimi wananificha. Niliacha duka wazi, nikapanda pikipiki. Njiani dereva ananiuliza, "Mama, unawahi mazishi?" Nikamwambia akaze mwendo.

Pale zahanati nikakuta wanawake wamekaa nje, kimya. Nikaita jina lake kwa nguvu mpaka akatoka na glavu mikononi, kakasirika.

"Mama! Nina mzazi humu ndani. Nani kafa?"

"Wewe," nikamjibu, nikakaa chini kwenye vumbi.

Kumbe umeme ulikatika, simu ikaisha chaji! Alipomaliza kuzalisha akaitazama ile video. Alicheka, halafu akaacha kucheka. "Hata mimi ningejililia," akasema. Tukaitengeneza upya: wimbo wa ngoma, kila ngoma ikigonga picha mpya inaingia, na mwisho yuko anacheza kwenye harusi. Ilipendeza, sikufichi, tukaituma kwenye kundi. Wewe ukasema hata marehemu wanacheza kwenye video za harusi. Akakupigia kwa simu yangu, ukasema ni binti wa Deo, sauti zao zinafanana, na tunakuficha kwa sababu ya presha kama wazee wanavyofichwa.

Yeye hawezi kutoka hapa kabla ya Jumamosi, mwenzake yuko semina. Mimi nilitaka kuja, lakini Paulina anasema ukiniona naingia ghafla ndiyo utaamini nimekuja kumlilia. Sasa nifanyeje? Naogopa. Nimetoka kumkuta mwanangu hai, nisije nikampoteza mama kwa ajili ya maua ya kwenye simu. Kunywa uji, Mama, hata vijiko viwili.

Nisalimie Paulina, mdogo wangu anayekuuguza, na Kaka Deo, aache kutafuta basi. Na jirani yetu mwalimu wa katekisimu, mwambie asianze sala yoyote.

Mwanao akupendaye,
Kokutona

Hapa chini namwachia kalamu Asimwe. Mwandiko wake unaujua.

Bibi, shikamoo. Ni mimi. Nakuja Jumamosi, tubishane vizuri. Simu nimeichaji, sitaizima. Ukimaliza kusomewa, mwambie Mama Mdogo Paulina anipigie. Sitaki maneno mengi, nataka nisikie unaitikia tu.