Sheria Ilikuwepo Siku Ile

Kitanga, Kasulu
17 Machi 2024

Mpendwa shangazi Josepha,

Shikamoo shangazi. Mwakeye, umeamkaje huko Songea? Miguu inaendeleaje, bado inavimba ukikaa sana? Na mjukuu wako Yusuph, ameacha kukohoa? Sisi huku hatujambo. Mvua inanyesha vizuri, maharage yamependeza. Mama kule Kibondo anakusalimu, ila analalamika kwamba hupokei simu zake.

Uliponipigia simu uliniuliza kwa nini nimekonda kwenye picha. Sikuweza kukujibu mbele ya watu, ndiyo maana leo nimekaa kukuandikia.

Mwaka jana, wakati wa kupanda, mama mmoja anaitwa Divine aliletwa kwenye zahanati yetu kwa bodaboda, amefungwa kitenge kilicholowa damu. Mimba ilikuwa imeharibika. Iliharibikaje, sikumuuliza. Mtu anayevuja damu namna ile humhoji, unamshika. Mimi na tabibu wetu Nurudini tulimtundikia dripu, tukamsafisha, damu ikakata. Aliondoka kwa miguu yake.

Shemeji yake akaenda polisi kusema nimemtoa mimba. Askari walikuja siku ya kliniki ya watoto, benchi limejaa akina mama, mtoto ananing'inia kwenye mzani. "Aneth ni nani?" Nikasema ni mimi. Wakanitia pingu pale pale. Akina mama walikuwa wanavuta watoto wao karibu tu. Divine naye wakamfuata kwake.

Nililala mahabusu, shangazi, mimi mwanao. Kesho yake Nurudini alikuja na mwanasheria, dada mmoja wa msaada wa kisheria kutoka Kigoma mjini. Hakupiga kelele. Alimwambia mkuu wa kituo, "Afande, kutoa mimba kinyume cha sheria ni kosa, hilo hatubishani. Lakini kumtibu mama ambaye mimba imeshaharibika si kosa, ni kazi yake. Na huyo mama ana haki ya kutibiwa, vyovyote ilivyoanza. Una ushahidi gani zaidi ya maneno ya shemeji?" Hakuwa nao. Tukaachiwa, mimi na Divine, na baadaye jalada likafungwa. Nurudini alininunulia soda. Nilidhani yameisha.

Kumbe kwenye lile benchi alikuwepo Gentille, binti wa jirani yangu, na mtoto wake wa kwanza mgongoni. Alikuwa na mimba ya pili, changa, na aliitamani mno. Alishaanza kuniuliza majina. Mwezi wa kwanza mwaka huu, akiwa anapalilia, ikaanza kutoka yenyewe. Mama yake akamwambia twende zahanati. Akakataa. "Mama, nikienda nitafungwa. Hukuona walivyomfanya Aneth?" Akajifungia ndani na vitambaa, akingoja damu ikate.

Walipomleta, wamembeba kwenye machela, midomo ilikuwa imeshakuwa myeupe. Nilitafuta mshipa mkono huu na huu, yote imelala. Akafumbua macho akaniuliza, "Hutanisema?" Nikamwambia, "Sitakusema Gentille, hakuna cha kusema." Sijui kama alinisikia. Alifia mikononi mwangu, gari la wagonjwa likiwa bado njiani.

Shangazi, lile swali nalisikia nikiosha vyombo. Nalisikia kanisani watu wakiimba. Mara nyingine mgonjwa mwingine kabisa akifungua mdomo kusema kichwa kinauma, nasikia "Hutanisema?" na inabidi nimwombe arudie.

Mwezi uliopita yule mwanasheria alirudi, ukaitishwa mkutano wa kijiji. Mkuu wa kituo mwenyewe alisimama akasema hakuna mama atakayekamatwa kwa kwenda kutibiwa, wala muuguzi kwa kumtibu. Alisema wazi, hakujificha. Mama Gentille akanyoosha mkono.

"Hiyo sheria, ilikuwepo siku mlipokuja kumchukua Aneth?"

Mwanasheria ndiye aliyemjibu, polepole: "Ilikuwepo, mama."

Mama Gentille akakaa. Hakulia. Alijifunika khanga kichwani, na watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja bila mwenyekiti kufunga mkutano.

Nimeambiwa naweza kuhamia Kibondo, niwe karibu na mama. Nimekataa, usinikasirikie. Nikiondoka watasema nilikuwa na hatia, na wengine watazidi kujifungia ndani. Mama bado sijamwambia. Tafadhali mwambie wewe, wewe anakusikiliza.

Jana alikuja mama mmoja, ana maumivu ya tumbo, mimba changa. Hakuingia. Alisimama nje ya uzio na mvua inamnyeshea. Wewe unatujua Waha, mtu hakuombi hata maji kabla hajakusalimu. Huyu hakunisalimu. "Polisi wapo?" Nikamwambia hawapo. Akaniuliza tena. Nikatoka nikasimama naye mvuani mpaka alipokubali kuingia.

Nisalimie Yusuph na mama yake, na jirani yako baba Venanti mwambie nimepata ujumbe wake. Niombee shangazi, unitaje kwa jina langu. Mungu akulaze salama na akuamshe salama, na miguu yako aiguse.

Ni mimi mwanao ninayekupenda sana,

Aneth