Mshale Chini ya Maranda

Jumamosi, Kambu. Jua linachoma mabati hadi yanalia, na mimi nimekaa juu ya gogo kama mtu amefiwa.

Bledi ya msumeno imekataa kutoka.

Wiki nzima nimemsumbua Fundi Mutisya anitoe kwa msasa, aniweke kwa msumeno wa meza. Msasa na fagio ni za watoto, si za mtu kama mimi. Leo asubuhi, akiwa na suti, akienda kupeleka mbuzi za ntheo, zile za posa, kwao mchumba wa kijana wake, akaniambia, "Haya Kyalo, bledi imeisha meno. Itoe, uweke hii mpya. Nikipata mashine inakata, Jumatatu ni yako. Nikipata bado, usinisumbue tena."

Hiyo tu? Nikacheka. Nikajipiga picha na spana, nikaweka status: Fundi mkuu yuko kazini.

Nikachomoa waya wa stima, mimi si mjinga. Nikazungusha nati inayoshika bledi kushoto, vile nati zote za dunia hufunguliwa. Wapi! Nikaongeza paipu kwa spana, nikaning'inia. Ikasonga kidogo, nikashangilia. Kumbe inajikaza! Nikaleta nyundo. Sasa nati haina kona hata moja, spana inateleza tu.

Mama Kalondu wa chai hapo kando akachungulia. "Fundi mkuu, nikuletee chai ama nikuletee fundi?"

"Mashine inaniogopa tu, mama."

"Aiya! Inakuogopa ama imekujua?"

Nikatoa simu.

Nimempigia Fundi, simu imezimwa. Kwa ntheo wazee hawataki simu zikilia.

Spana ikaniponyoka, ikazama kwa maranda ndani ya mashine. Nikachukua fagio niitafute. Hapo kando ya nati, kwa chuma, nikaona mshale mwekundu, mwandiko wa Fundi mwenyewe: KUFUNGUA. Unaelekea kulia.

Kufagia mle ndani ni kazi yangu ya kila jioni, ile huwa naruka.

Nimefagia yote sasa, hadi mlangoni. Bledi bado imekaa pale pale.

Nimeenda kufuta ile status. Wa mwisho kuiona ni Fundi Mutisya, dakika hii hii. Ameweka moyo na kidole gumba.

Kumbe simu yake imewaka. Nimpigie, ama nimwache afurahie mpaka afike?