Fundo la Mzee Osea

Sinza, Dar es Salaam
4 Februari 2024

Baba,

Shikamoo. Goti la mama linaendeleaje? Mimi ni mzima, ila joto la huku litanikausha kama kahawa ya kichanjani.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yako hupokei, na ukipokea unapiga kelele kana kwamba niko ng'ambo ya bonde. Barua hii itafika kwa dada Recho pale ofisi ya vifurushi Tunduma, akuletee kama kawaida.

Baba, tunaanza kupiga picha msimu wa pili wa tamthilia yetu ya televisheni, "Jimbo la Nne". Safari hii nimeandika vipande vyote kumi mimi mwenyewe. Kuna sehemu ya ghala la mahindi, na hawa watu wa mapambo wamenunua magunia yaliyoshonwa kwa mashine. Mtu wa Tunduma akiona atacheka mpaka aanguke. Naomba unishonee magunia manane kwa mkono wako. Watazamaji wajue kushona ni nini.

Mwanao,
Atupele

*

Mbozi Mission
17 Februari 2024

Mama yangu Atupele,

Marahaba, mama. Mwenye jina hilo ulilorithi, mama yangu mzazi, angekuwa hai angekucharaza kwa kunisema kuhusu simu. Sisi hatujambo. Goti la mama yako linauma siku za kupalilia tu, siku za kwaya linapona.

Magunia nimempa Recho, yanakuja na basi la kesho. Nimeyashona kwa sindano yangu ya shazia ile ya zamani na uzi wa katani, mishono kumi na tatu kila mdomo, na fundo langu chini ya sikio la kushoto, pale pembeni mwa mdomo. Waambie hao wenye kamera wasilifungue! Mimi nimeshona Tunduma miaka thelathini, na hakuna kuli wala dereva asiyelijua fundo la Osea. Hata Wazambia wa Nakonde wakiliona wanasema, hili limepita kwa BaShi Atupele, ndiyo kusema baba yako wewe.

Umesema kuna ghala, hukusema hadithi. Haya, tutaiona. Nimeshawaambia wazee wa kanisa kwamba magunia yangu yataonekana nchi nzima. Mama yako anasema nimeanza kutembea kifua mbele.

Mimi babako,
Osea

*

Mbozi Mission
6 Mei 2024

Atupele,

Sisi ni wazima. Salamu zako nimezipata.

Jana tulitazama kipande cha kwanza mgahawani kwa Ferista, Tunduma. Watu walijaa mpaka mlangoni kwa sababu nilitangaza mimi mwenyewe, mjinga mimi. Nikaletewa chai, nikakalishwa mbele.

Mama, umefanya nini?

Nimeona diwani anachukua mbolea ya ruzuku ya wakulima, anaitia kwenye magunia ya mahindi, anaivusha mpaka. Nimeona mshonaji anainamisha kichwa na kushona. Nimeona kuli anayesema atakwenda kueleza, halafu anaokotwa mtoni. Umeweka ziwa badala ya milima, umembadilisha kila mtu jina. Lakini yule kuli ni Venance, rafiki yangu. Na mshonaji ni mimi.

Habari hiyo nilikwambia wewe peke yako, siku tuliyomzika bibi yako, kwa kuwa ilikuwa imenikaba. Sikukwambia uandike.

Pengine ingepita. Lakini kamera ikasogea kwenye gunia, ikasogea, mpaka fundo langu likajaa kioo kizima. Kuli mmoja akasema kwa sauti, "Hee! Si fundo la Mzee Osea hilo?" Mgahawa mzima ukacheka. Kisha wakaacha kucheka, wote kwa pamoja, na kila mtu akatazama kikombe chake. Wapo waliofanya kazi kwenye ghala lile miaka ile. Wanajua lilikuwa la nani, na wanajua leo mwenye ghala amekuwa mkubwa, tunamwita Mheshimiwa.

Nimerudi nyumbani kwa miguu kutoka stendi, nikigeuka nyuma kama mwizi. Nina hofu, mama. Na wewe nimekukasirikia sana.

Babako

*

Sinza, Dar es Salaam
12 Mei 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Nakuomba uipokee salamu hii hata kama umekasirika.

Nimesoma barua yako nimesimama, nikaisoma tena nimekaa chini. Nilidhani nimeficha kila kitu. Nilihamisha mji, nikabadilisha majina, hata mbuzi wa diwani nilimfanya kondoo. Kisha nikakuomba magunia. Nilitaka tu kazi ya mikono yako ionekane kwenye kazi yangu. Sikuwaza fundo, baba. Wallahi sikuwaza, na najua hupendi kiapo hicho.

Nimemwomba mwongozaji akate picha za magunia kwenye vipande vilivyobaki. Amekubali, lakini cha kwanza kimeshasambaa kwenye kila simu.

Ondoka hapo. Nenda na mama huko kijijini Mbebe, kwa mjomba Samwel, kule Ileje hakuna atakayewauliza. Mimi nakuja wiki ijayo. Nijibu upesi, silali.

Mwanao,
Atupele

*

Mbozi Mission
20 Mei 2024

Mama yangu,

Marahaba. Tulia kwanza, usome hadi mwisho.

Usije. Jumatano walikuja wanaume wawili na gari safi. Wakasema wana mahindi yao, wanatafuta fundi wa mkono. Nikasema nimezeeka. Wakasema nishone moja tu, waone. Nikashona, nikajichoma kidole. Nilipofunga fundo, mmoja akalipiga picha kwa simu, akanyanyua kichwa na kuniuliza, "Binti yako yule mwandishi hajambo?" Hawakulichukua hata hilo gunia.

Mama yako nimempeleka Mbebe. Alilia, alinitukana, akaenda. Mimi nimebaki. Nikikimbia watanifuata, na watamkuta yeye huko. Halafu wanachotaka si mimi hasa. Wanataka kujua wewe umeandika nini kwenye vipande vinavyokuja, na nani mwingine anajua.

Sasa shika neno hili. Simu usipige wala usipokee, hata ikionyesha namba yangu. Ikija barua ya kukuita nyumbani, hata kwa mwandiko wangu, itaambatana na gunia. Nitadai liambatane, nitasema ndiyo desturi yetu. Litazame chini ya sikio la kushoto. Likiwa na fundo, njoo, nimeshona kwa hiari yangu. Likiwa halina, usikanyage Songwe, hata barua iseme nakata roho.

Na hasira yangu imekwisha. Siku ile kwa Ferista, yule mwanamke wa kwenye televisheni alipomlilia kuli wake mtoni, akina mama walilia naye. Miaka tisa, mama, hakuna aliyethubutu kumlilia Venance mbele za watu. Mimi mwenyewe sikulia hata mazikoni. Nilikwenda kazini kesho yake nikashona.

Mimi babako,
Osea

*

Tunduma
9 Juni 2024

Mwanangu Atupele,

Mimi ni mzima kabisa. Mheshimiwa amenikaribisha kukaa hapa ghalani kwake na ananitunza vizuri. Ameupenda mchezo wako. Anataka kumsalimia mwandishi na kumshauri kuhusu vipande vilivyobaki. Njoo upesi. Njoo peke yako.

Nakutumia gunia la mahindi mapya kama ilivyo desturi yetu. Nimelishona mwenyewe.

Babako,
Osea

*

Sinza, Dar es Salaam
14 Juni 2024

Baba,

Shikamoo.

Barua hii haiji huko ulipo. Inakwenda Mbebe, mama ataitunza mpaka utakapoisoma mwenyewe ukiwa umekaa kwake.

Gunia limefika. Nililibeba kutoka stendi hadi ndani, nikafunga mlango, na nikaogopa kuligeuza. Mwandiko ulikuwa wako. Tiketi nilikuwa nayo mkononi. Nilitamani fundo liwepo, baba, nilitamani hata nijidanganye. Nikahesabu mishono kumi na tatu. Chini ya sikio la kushoto uzi umekatwa tu, hauna fundo.

Kwa hiyo siji. Nimelikata neno hili mara mbili, nikaliandika tena.

Leo asubuhi nimekwenda polisi na wakili, nimeandikisha kwamba umeshikiliwa, ghala gani, na nani. Nimetaja na jina la Venance, jina lake lenyewe. Kuanzia usiku huu mwongozaji atanificha kwa dada yake, kwa hiyo usiwe na wasiwasi na mimi.

Kwa Mheshimiwa nimeandika barua fupi ya adabu kwamba naumwa, nitakuja nikipona. Pamoja nayo namtumia Recho gunia la sukari na sabuni akukabidhi pale getini. Nimelishona mimi. Nimetumia siku mbili na vidole vyote vimetoboka, mishono imepinda, ungeiona ungenifukuza kazi. Lakini chini ya sikio la kushoto nimefunga fundo lako, lile ulilonifundisha nikiwa darasa la tatu.

Wao watalipasua watafute barua, na hawataikuta. Wewe shika tu huo mdomo wa gunia, upapase. Utajua nimelitazama la kwako, na kwamba nimekusikia.

Recho amesema atanijulisha umelipokea. Leo ni siku ya tano tangu uandike barua ile, nami nitangojea kila basi la kutoka Tunduma.

Mwanao, mama yako,
Atupele